Moshi Unaorudi: Kutabiri Njia ya Hewa Chafu ya Paani Kuzunguka Majengo ya Tiba Mkoani Simiyu

Katika vituo vingi vya tiba, bomba la jenereta, dohani ya jiko na bomba la kichomea taka huwekwa mahali palipomrahisishia fundi kazi. Bomba likishapita juu ya bati huhesabiwa kwamba shughuli imekwisha: moshi umetoka, umekwenda zake angani. Hesabu hiyo ina kasoro. Hewa inayotoka paani haiingii katika anga tupu, bali huingia katika upepo ambao jengo lenyewe limekwisha kuupinda. Upepo huo uliopindwa unaweza kuuteremsha moshi ukutani na kuuingiza katika dirisha la chumba kilekile ulichokusudiwa kukiepuka, au katika wodi ya jirani.

Kwa hospitali na vituo vya afya vya Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima na Busega, jambo hili lina uzito wa pekee kwa sababu wodi nyingi hazina mitambo ya kusukuma hewa. Zinategemea madirisha na matundu ya juu ya kuta. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 kuhusu upitishaji hewa wa asili unataka lita 60 za hewa safi kwa sekunde kwa kila mgonjwa katika wodi za kawaida, na lita 160 katika vyumba vya wagonjwa wa maradhi yanayoenea kwa hewa, kifua kikuu kikiwa mfano mkuu. Kiasi hicho hakipatikani ila madirisha yawe wazi. Moshi wa jenereta unapoingia, muuguzi hufanya lile ambalo mtu yeyote angelifanya: hufunga madirisha. Moshi hupungua, lakini bakteria wa kifua kikuu hubaki ndani pamoja na wagonjwa na wauguzi. Kwa hiyo bomba lililowekwa vibaya hudhuru mara mbili, mara ya kwanza kwa kile linachokitoa na mara ya pili kwa dirisha linalolazimisha lifungwe.

Habari njema ni kwamba njia ya moshi hutabirika. Si kwa usahihi wa saa, lakini kwa kiwango kinachotosha kuamua bomba liwekwe wapi, na kwa vifaa vilivyomo katika kituo chochote: futi ya kupimia, kamba ndefu na simu yenye kikokotozi.

Jengo linavyoupinda upepo

Upepo unapolikuta jengo hugawanyika. Sehemu yake hupanda ukuta unaoukabili, sehemu huzunguka pembeni, na sehemu hurudi chini na kujikunja mbele ya msingi. Ile iliyopanda inapofika ukingo wa paa haiwezi kukata kona kwa ghafla; huruka juu ya paa, na chini yake hubaki mfuko wa hewa unaozunguka polepole, wakati mwingine ukienda kinyume na upepo wenyewe. Nyuma ya jengo hufanyika mfuko mwingine mkubwa zaidi, ambao katika makala hii unaitwa kivuli cha upepo. Aliyewahi kusimama nyuma ya ghala siku ya upepo mkali akaona majani makavu yakizunguka mahali pamoja bila kuondoka ameona kivuli hicho kwa macho yake.

Uchafu ukitolewa ndani ya mfuko wowote kati ya hiyo miwili hauondoki haraka. Huzungushwa, hukolea, kisha hugusa ukuta na madirisha yaliyomo humo. Ndiyo sababu dirisha la upande usiokabili upepo, ambalo mtu angelidhani limekingwa, mara nyingi ndilo linaloingiza moshi zaidi.

Mwaka 1979 David Wilson wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, alichapisha vipimo vya mifuko hiyo kwa majengo yenye paa bapa, na hesabu yake bado inatumiwa na wahandisi wa mitambo ya hewa. Msingi wake ni kimo kimoja tu, kiitwe kimo cha kivuli, kinachopatikana kwa kuangalia uso wa jengo unaokabili upepo. Hupimwa urefu wa uso huo kwenda juu na upana wake. Kilicho kidogo kati ya hivyo viwili huzidishwa kwa chenyewe, jibu huzidishwa kwa kile kikubwa, kisha hutafutwa kipeuo cha tatu cha jumla hiyo. Ikiwa kikubwa kinazidi kidogo zaidi ya mara 8, huhesabiwa mara 8 tu.

Ichukuliwe wodi ya mfano yenye urefu wa mita 30, upana wa mita 8 na kimo cha mita 4.5 hadi juu ya paa. Upepo ukiupiga upande mrefu, hesabu ni 4.5 kwa 4.5 kwa 30, yaani 607.5, na kipeuo chake cha tatu ni karibu mita 8.5. Hicho ndicho kimo cha kivuli. Kutokana nacho mambo mawili hujulikana papo hapo. Kivuli cha nyuma kinaenea takriban mita 8.5 kutoka ukutani, na mfuko wa juu ya paa unapanda hadi asilimia 22 ya kimo hicho, yaani kama mita 1.9 juu ya paa. Bomba lililochomoza mita moja juu ya bati la wodi hii linatapika ndani ya mfuko. Kwa macho limetoka nje. Kwa hesabu bado limo ndani ya jengo.

Upepo uleule ukigeuka na kuupiga upande mfupi, uso unaoukabili una mita 8 kwa 4.5, na kimo cha kivuli hushuka hadi karibu mita 5.5. Jengo ni lilelile, lakini mwelekeo wa upepo umekibadilisha kivuli kwa zaidi ya theluthi moja. Kwa jengo la ghorofa lenye kimo cha mita 12 na upana wa mita 50, kimo cha kivuli hufikia mita 19, na mfuko wa paani mita 4 na zaidi. Hospitali inayohama kutoka majengo ya chini kwenda ya ghorofa haiwezi kuhama na vimo vyake vya zamani vya mabomba.

Ikumbukwe kwamba mapaa mengi ya Simiyu si bapa bali yameinuliwa kwa kenchi na kuezekwa bati. Paa la mwinuko huubadilisha mfuko wa juu, hasa nyuma ya kilele. Kwa hiyo tarakimu hizi zichukuliwe kuwa makadirio ya kuanzia, na bomba lolote linalozivuka kwa kubahatisha lihesabiwe kuwa halijazivuka.

Moshi unavyotanuka, na jirani anayeupokea

Moshi uliofanikiwa kuuvuka mfuko wa paani hutanuka kadiri unavyosafiri. Kwa makadirio ya Wilson, ukingo wake wa chini hushuka mita 1 kwa kila mita 5 za safari. Turudishe hesabu kwenye wodi ya mfano. Bomba la katikati ya paa lililopandishwa mita 3 juu yake linauvuka mfuko wa mita 1.9, na moshi wake unapofika mwisho wa kivuli cha nyuma bado uko juu ya usawa wa paa. Wodi hiyo imesalimika.

Lakini kama kuna wodi ya watoto yenye kimo kilekile mita 20 mbele yake, mambo hubadilika. Ncha ya bomba iko mita 7.5 kutoka ardhini. Baada ya mita 20 ukingo wa chini wa moshi umeshuka mita 4, umefika mita 3.5, nao uko chini ya paa la jirani. Bomba la mita 3 limemwokoa mwenye nalo na kumpelekea mzigo mwenzake. Ili kuuvuka pia mfuko wa paa la pili, ncha ingehitaji kufika mita 10.4 hivi, yaani karibu mita 6 juu ya paa la kwanza. Kanuni ya zamani inayosema dohani iwe mara mbili na nusu ya kimo cha jengo ingetoa mita 11.25, na njia hizo mbili kukaribiana namna hii kunatia moyo.

Bomba la mita 6 juu ya bati huhitaji nyaya za kulishikilia na msingi wake wenyewe, na si kila kituo kina uwezo huo. Hapo ndipo hesabu inapotoa faida yake kubwa: inaonyesha mapema kwamba kuhamisha jenereta hadi upande ambao upepo hutoka nako majengoni ni rahisi kuliko kuinua bomba. Ni afadhali kununua mita 30 za waya wa umeme kuliko mita 6 za chuma angani.

Kwa umbali mfupi ndani ya uwanja mmoja, ukolezi wa hewa chafu hupungua kwa takriban mraba wa umbali. Umbali huo haupimwi kwa mstari unaopita katikati ya ukuta, bali kwa kamba inayonyoshwa kutoka mdomo wa bomba, kufuata paa na ukuta, hadi dirishani. Dirisha lililo mita 15 kwa kamba hupokea karibu sehemu moja ya tisa ya kile kinachopokelewa na dirisha lililo mita 5. Ndiyo maana kusogeza mdomo wa bomba mita chache, katika umbali huu wa karibu, kuna thamani kubwa kuliko mtu anavyodhani.

Kofia ya bomba

Kosa moja dogo hufuta hesabu zote zilizotangulia, nalo ni kofia ya bati inayowekwa juu ya bomba kuzuia mvua. Moshi hupanda juu kwa nguvu mbili: joto lake na kasi ya kutoka kwake. Kofia huugeuza ukaenda pembeni au chini, na kasi yote hupotea. Kimo cha bomba kilichogharimiwa kwa nyaya na chuma hupungua kwa kipande cha bati.

Ili moshi usiteremke kwenye ubavu wa bomba lenyewe, kasi yake ya kutoka iwe angalau mara moja na nusu ya kasi ya upepo. Upepo wa mita 4 kwa sekunde unadai moshi utoke kwa mita 6 kwa sekunde. Jenereta ikiwa inafanya kazi, kasi ya moshi husaidia kupunguza mvua inayoingia. Wakati imezimwa, maji huzuiwa kwa kifuniko chenye bawaba kinachosukumwa wazi na moshi, au kwa kulivika bomba mfereji mpana zaidi wa nje unaoacha maji yashuke pembeni. Mafundi wa magari makubwa wa Bariadi wanakifahamu kifuniko cha namna hiyo. Kimo juu ya mabomba ya matrekta mengi yanayolima mashamba ya pamba.

Upepo mkali, kwa upande mwingine, una tabia mbili zinazopingana. Huzimua moshi, kwa kuwa kasi ikiongezeka mara mbili ukolezi hupungua nusu. Na papo hapo huulaza moshi, ukaingia katika mifuko ya jengo. Kwa kila bomba kuna kasi fulani ya kati ambayo madhara yake ni makubwa kuliko utulivu na kuliko dhoruba. Anayepima siku moja tu ya upepo mkali akaridhika anaweza kuwa ameikosa siku mbaya kuliko zote.

Majira ya upepo

Simiyu, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012, uko kusini-mashariki ya Ziwa Victoria. Kwa ujumla, kuanzia Juni hadi Septemba, majira ya kiangazi, pepo hutawaliwa na zile za kusini-mashariki. Kuanzia Desemba hadi Machi huelekea kutoka kaskazini-mashariki. Bariadi mjini, kwa hiyo, upande wa magharibi wa uwanja wa hospitali ndio unaopokea zaidi moshi wa upande wa mashariki. Lakini Lamadi na vijiji vya Busega vilivyo ufukweni vina saa yao: mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu, usiku hugeuka. Mchoro uliofaa Bariadi hauwezi kunakiliwa Busega bila kupimwa upya.

Usiku wa kiangazi una hatari yake. Ardhi hupoa upesi chini ya anga lisilo na mawingu, hewa baridi hulala chini na yenye joto hukaa juu yake kama kifuniko. Moshi unaotoka usiku wa manane au alfajiri hautawanyiki; hutambaa. Ni saa hizo hizo ambazo umeme ukikatika jenereta huwashwa kwa ajili ya chumba cha upasuaji na mitungi ya watoto njiti, na ambazo ndugu wa wagonjwa huwasha kuni za uji. Hesabu ya kivuli cha upepo haisaidii sana pasipo na upepo. Hapo umbali ndio kinga iliyobaki.

Anayevuta moshi huo

Kwa mhudumu wa afya, kaboni monoksidi inastahili kutajwa kwanza kwa sababu hudanganya. Haina rangi wala harufu, na hushikamana na hemoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 ya oksijeni. Kipimo cha kidoleni cha oksijeni hakiwezi kutofautisha hemoglobini iliyobeba oksijeni na iliyobeba kaboni monoksidi. Kinaweza kuonyesha asilimia 98 kwa mgonjwa ambaye viungo vyake vinakosa hewa. Dalili zake, kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu, katika mkoa wenye malaria huelekezwa upesi kwenye malaria. Dokezo liko katika mazingira: watu wawili au watatu wa chumba kimoja huugua kwa wakati mmoja, hawana homa, na hupata nafuu wakitolewa nje. Tiba huanza kwa kumtoa mtu kwenye moshi na kumpa oksijeni kwa kiwango cha juu. Katika hewa ya kawaida, nusu ya gesi hiyo huchukua saa 4 hadi 5 kutoka mwilini. Kwa oksijeni safi muda huo hupungua hadi kama saa moja au moja na nusu.

Watoto wenye selimundu, ambao Kanda ya Ziwa inao wengi, wana sababu ya ziada ya kulindwa, kwa kuwa upungufu wa oksijeni huzifanya chembe nyekundu zao zijikunje. Wenye pumu hubanwa na chembechembe na nitrojeni dioksidi hata kwa muda mfupi. Kwa chembechembe ndogo zaidi, zile za mikromita 2.5 au chini, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 umeweka wastani wa mwaka usiozidi mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo, na wa saa 24 usiozidi 15. Tangu mwaka 2012 moshi wa dizeli umo katika orodha ya visababishi vya saratani kwa binadamu ya taasisi ya kimataifa ya utafiti wa saratani. Mlinzi anayekaa kibanda cha jenereta kila usiku huupokea kuliko mgonjwa yeyote, ingawa jina lake haliingii katika rejesta ya wodi.

Kichomea taka kina tatizo la namna yake. Moshi wake mbaya zaidi hutoka dakika za kwanza, tanuri likiwa bado baridi, na plastiki zenye klorini huzaa dioksini ambazo hukaa mwilini kwa miaka. Bomba refu huzitawanya tu, haliziondoi. Kwa hiyo kutenga taka kabla ya kuchoma na kupasha tanuri joto kwa kuni kavu kabla ya kutia taka hutangulia mazungumzo yoyote ya kimo cha bomba. Kuhusu saa ya kuchoma, alasiri baada ya wagonjwa wa kliniki kuondoka, jua likiwa limeipasha ardhi na upepo ukiwa wa wastani, ni bora kuliko asubuhi ambapo kina mama na watoto wamejaa barazani.

Jaribio la vitambaa

Kabla ya kutoboa bati, kituo kinaweza kujipima chenyewe. Vitambaa vyepesi vya urefu wa nusu mita hufungwa kwenye miti mirefu: mmoja mahali bomba litakapochomoza, mwingine ukingoni mwa paa, wengine nyuma ya jengo kwa umbali wa mita 3, 6 na 9. Kitambaa kinachopepea kuelekea kule upepo uendako kiko nje ya kivuli. Kinachozunguka, kulegea au kupepea kinyume kimo ndani yake. Mti wa paani huinuliwa polepole hadi kitambaa kitulie na kupepea upande mmoja. Kimo hicho hulinganishwa na kile cha hesabu, na kikubwa kati ya viwili ndicho kinachofuatwa. Jenereta iliyokwisha kufungwa huchunguzwa kwa kusimamisha mtu mwenye pua nzuri katika kila dirisha kwa dakika 10, njia isiyo ya kitaalamu sana lakini inayoweza kulifichua bomba lililowekwa vibaya. Pua, hata hivyo, haitambui kaboni monoksidi. Chumba kilicho jirani na jenereta kinastahili kifaa cha kupimia gesi hiyo, nacho huuzwa kwa bei ambayo kituo kinaweza kuibeba.

Mgonjwa na ndugu yake wana nafasi katika kazi hii. Wao ndio walio dirishani saa 8 usiku. Anayesema kwamba moshi huingia kila umeme ukikatika ametoa taarifa ya kitabibu, na muuguzi huiandika: tarehe, saa, kitanda, upande upepo ulikotoka. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni za viwango vya ubora wa hewa za mwaka 2007 zinawapa maofisa wa mazingira na afya wa halmashauri msingi wa kuchukua hatua, na taarifa kumi za namna hiyo kutoka wodi moja huwasaidia kuliko barua moja ya malalamiko. Jaribio la vitambaa nalo hurudiwa Julai na Januari, kwa kuwa upepo wa kiangazi ukigeuka, dirisha lililokuwa salama huwa ndilo linalofuata.